Kiinua Mgongo cha Mlinzi wa Getini

Kibao cha "Mbwa Kali" kinachoning'inia kwenye mageti ya mitaa ya Eldoret kama Elgon View, Kapsoya na Annex ni tangazo la kazi. Hakitaji jina la mnyama wala umri wake wala kama anaelewana na watoto. Kinataja cheo tu. Mara nyingi kibao hudumu kuliko mwenye cheo. Rangi imepauka, mbwa mwenyewe amezeeka, miguu ya nyuma haimbebi, macho yameingia ukungu, na mwizi akiruka ukuta usiku atamkuta amejilaza chini ya gari akihema. Mlinzi huyu akifika ukingoni, nani alipe, alipe kiasi gani, na alipie kitu gani hasa? Swali hilo likizuka Eldoret, ambayo tangu tarehe 15 Agosti 2024 ni jiji, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaosema mbwa ni mbwa, akifa hutafutwa mwingine. Wapo wengine, hasa waliokulia na mbwa sebuleni, wanaosema huyu ni mmoja wa familia, na wa familia hapigiwi hesabu. Kwa maoni yangu wote wamepotea kwenye njia panda ileile: wanapima thamani ya mbwa, ilhali kinachotakiwa kupimwa ni deni la mwenye mbwa.

Neno linalofaa hapa tunalo tayari, nalo ni kiinua mgongo. Mfanyakazi anapostaafu hupewa malipo yanayohesabiwa kwa miaka aliyotumika. Malipo hayo si sadaka, kwa hiyo hayangoji mwajiri aamke na moyo mwema. Yana kikomo, kwa hiyo hayamfilisi. Tena hulipwa wakati ambapo mfanyakazi hana faida tena kwa kampuni, na hiyo ndiyo maana yake yote. Wengi wa mbwa wa Eldoret ni waajiriwa. Wamelala nje kwenye baridi ya mji uliojengwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wamebweka saa nane za usiku, wamekula ugali na mabaki, na malipo yao hayakuandikwa popote. Atakayeuliza kuhusu yule mbwa mdogo wa manyoya meupe asiyelinda chochote anauliza swali la haki, na jibu lake halitoki mbali: mnyama aliyefungiwa ndani ya ukuta au kwenye mnyororo amenyang'anywa uwezo wa kujitafutia. Aliyemfunga amejitwika chakula chake, maji yake na mwisho wake, awe analinda geti au anapamba kochi.

Ugumu wa kulilipa deni hili unatokana kwa kiasi kikubwa na ng'ombe. Uasin Gishu, iliyo na Eldoret ndani yake, ni kaunti ya mahindi, ngano na maziwa, na huduma za mifugo zimejengwa kumzunguka mnyama anayekamuliwa. Ukiingia agroveti yoyote mjini utakuta dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya ndigana, mirija ya kutibu ugonjwa wa kiwele, madini ya kulamba. Ng'ombe anapougua, mwenyewe hulinganisha bei ya dawa na lita za maziwa anazopoteza. Akiona hesabu haikubali, humpeleka sokoni mapema na sehemu ya hasara humrudia. Serikali nayo ilifika hadi kumwekea mnyama wa aina hiyo bima, kupitia mpango wa KLIP ulioanzia Wajir na Turkana mwaka 2015. Mbwa hana lita wala kilo. Mwisho wake ni gharama tupu, shilingi inayotoka bila nyingine kurudi, na soko lolote hukwepa gharama ya namna hiyo. Nchini Sweden mbwa wa kwanza alikatiwa bima mwaka 1924, na leo huko ni jambo la kawaida. Bima ya mbwa wa mtaa wa Langas ni mfuko wa shati la mwenyewe, na mfuko huo hukumbukwa siku mnyama anapogoma kula.

Siku hiyo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Mbwa amelala, hataki hata nyama, ufizi umepauka, na kila jirani anatoa hukumu kwamba huyu anakufa. Katika nyanda hizi hukumu hiyo huwa ya uongo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nchi ya maziwa ni nchi ya kupe, na kupe wa mbwa huleta babesia na erlikia, magonjwa yanayomkausha damu mnyama hadi asimame kwa kuyumba. Yote mawili yana dawa. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kidonge kinachotumiwa hata na binadamu, ijapokuwa hutakiwa kumezwa kwa wiki kadhaa na wengi hukiacha mbwa anapoanza kutikisa mkia. Uvimbe unaotoa damu kwenye sehemu za siri, ambao huwafanya wenye mbwa waone aibu na kumtenga mnyama nyuma ya nyumba, kwa kawaida ni saratani ya kuambukizana ambayo mbwa hupeana wanapopandana. Ni mojawapo ya saratani chache ambazo daktari anaweza kuzikabili kwa matumaini makubwa: sindano ya vinkristini, dawa iliyotokana na ua la Madagaska linalopandwa kama pambo bustanini, mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6. Mtoto wa mbwa anayeharisha damu kwa virusi vya pavo naye anaonekana maiti inayopumua, lakini wengi wanaowahishwa dripu hunusurika. Hata mbwa anayetoa povu na kutetemeka huenda amelamba dawa ya kupe iliyomwagika kwenye zizi, na saa moja ya kwanza ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya kiinua mgongo inapaswa kununua jibu: huyu anaumwa nini? Kumwona daktari, kumpima damu, kutazama tone lake chini ya hadubini. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kulipia maneno, kisha hutumia mara mbili ya fedha hizo kununua sindano za kubahatisha dirishani. Tofauti ya anayekuandikia na anayekuuzia ina uzito kisheria pia. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hii iliwatenganisha madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wa afya ya mifugo, ikaunda Bodi ya Mifugo ya Kenya kuwasajili, na mwenye mbwa ana haki ya kuuliza namba ya usajili bila kuona haya. Kwa kesi nzito kuna vitivo vya tiba ya wanyama Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton. Lakini kumpakia mbwa mwenye figo zilizochoka kwenye gari kwa kilomita zaidi ya 300 hadi Nairobi ni uamuzi unaohitaji sababu nzuri. Safari yenyewe ni ugonjwa mwingine.

Jibu likishapatikana na likawa baya kweli, figo zimekufa, moyo umejaa maji, saratani imeingia mfupani, mgongo wa German Shepherd mzee umekatika mawasiliano na miguu, hapo maana ya fedha inabadilika. Kabla ya jibu, fedha hutafuta uponyaji. Baada yake, kila dripu inayoongezwa hununua siku, na ni lazima kuuliza ni siku za namna gani. Hapa ndipo watu wenye upendo mwingi huharibu zaidi kuliko wasiojali. Hulipia wiki nzima ya maji ya mshipani kwa mnyama ambaye mwili umeshafunga hesabu, na fedha zinapokwisha humrudisha nyumbani afe kwa maumivu, kwa kuwa hakukubaki kitu cha kulipia mwisho wenye utulivu. Mpangilio wa matumizi umekaa kichwa chini.

Kati ya kuponya na kuua kuna eneo pana ambalo kwa binadamu Eldoret inalifahamu vizuri. Mji una hospisi yake, na familia nyingi zimejifunza huko kwamba mgonjwa asiyepona bado anaweza kutibiwa maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu. Tiba shufaa ya mbwa hufuata mantiki hiyohiyo kwa vifaa vya kawaida: godoro kavu, maji karibu na mdomo, kugeuzwa ubavu kila baada ya saa chache, chakula laini, na dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Msisitizo uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Brufen na diklofenaki, vidonge vilivyo katika kila droo ya nyumba, hutoboa tumbo la mbwa na kuziangamiza figo zake. Panadol nayo kwa kipimo cha kukisia ni sumu ya ini. Mbwa wengi wazee hupewa vidonge hivi kwa nia njema, wakatapika damu, na familia ikadhani ni ugonjwa unaendelea. Meloksikamu ya wanyama, kwa kipimo cha daktari, inapatikana na kwa kawaida haigharimu kama kitanda cha wiki moja kwenye kliniki.

Lini basi ukomo? Mwaka 2004 daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alipendekeza kipimo chenye mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 huashiria kwamba maisha bado yanabebeka. Sidhani alama zenyewe ni muhimu kama tendo la kuziandika. Mtu anayeandika kila jioni kwenye daftari hawezi kujidanganya kwa mwezi mzima. Kwa mbwa wa geti ningeongeza kipimo cha nane kisichomo katika orodha ile: je, bado anainua kichwa boda boda inaposimama nje? Mbwa aliyefanya kazi huacha kazi mwisho kabisa, baada ya chakula na baada ya mchezo. Masikio yasipogeuka tena kuelekea getini, mwenye kumjua amejibiwa.

Tatizo jingine ni kwamba lugha yetu haijatupatia neno la kutamkia uamuzi huo. Kiingereza husema mnyama analazwa usingizi, na madaktari wetu hutafsiri hivyo bila kufikiri. Lakini kwa Mswahili kulazwa ni kupewa kitanda cha hospitali. Daktari akisema "tumlaze", mwenye mbwa anaweza kuitikia akidhani anakubali matibabu, na kurudi kesho na uji. Wengine husema "kumchoma sindano", jambo ambalo linaweza kuwa chanjo. "Kumuua" ni neno la kweli lakini linanuka rungu na panga. "Kifo cha huruma" ni la vitabuni, ila angalau halidanganyi, na ningependa madaktari walizoee. Na pale mbele ya familia hakuna haja ya istilahi: aseme tutamchoma sindano ya kumaliza maisha yake, hataamka.

Ni vyema pia kujua kinachofuata, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua. Kwanza mnyama hupewa dawa ya kumtuliza hadi alale fofofo. Kisha dawa ya usingizi ya kundi la babiturati, hasa pentobabitali, huingizwa mshipani kwa kipimo kikubwa. Ubongo huzimika kabla ya moyo, kwa sekunde au dakika chache. Macho hubaki wazi. Huenda akavuta pumzi moja au mbili za nguvu ambazo si za uhai, na mkojo ukatoka. Pentobabitali inadhibitiwa kimataifa na mkataba wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, hivyo si kitu cha kununuliwa dirishani na daktari asiyekuwa nayo asitumie chochote kinachokuja mkononi. Kloridi ya potasiamu, kwa mfano, inakubalika pale tu mnyama ameshazimia kwa nusukaputi. Bila hiyo ni moyo kusimamishwa na mbwa akijihisi. Swali ambalo kila mwenye mbwa anapaswa kuuliza kabla ya kulipa ni hili: atakuwa amelala kabisa kabla ya dawa ya mwisho? Ukiitazama ankara ya tendo hili utaona vitu vichache: safari ya daktari, dawa ya kutuliza, dawa ya mwisho inayopimwa kwa uzito wa mnyama, na mazishi. Hulipwa mara moja. Katika ugonjwa mrefu, hii huwa mojawapo ya sehemu ndogo kabisa za gharama yote, na ndiyo hiyo inayokosa fedha.

Atajitokeza mtu aseme: kuna njia za bure. Kamba ipo, rungu lipo, sumu ipo, na barabara ya kwenda Turbo ni ndefu, mbwa anaweza kushushwa sokoni usiku. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Kwa mlinzi wa geti anayetupiwa sumu kwenye kipande cha mapafu, mateke yanatoka kwa binadamu. Lakini tuache hisia, tuiangalie hesabu. Sumu ni bure kwa aliyeitega tu. Anayekula mzoga hulipa: paka wa jirani, kuku, tai, mtoto anayeshika asichokijua. Strikinini, iliyotumiwa kwa miaka mingi kuwaangamiza mbwa koko, huua kwa mikakamao mnyama akiwa na fahamu zake zote. Kabofurani ilikuwa imeua simba na tai wengi sana hivi kwamba mtengenezaji wake wa Marekani aliiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009. Mbwa anayetupwa sokoni naye hahami na gharama zake zote. Huzigawa kwa wenye mabucha, kwa watoto wa shule na kwa idara ya afya. Kisha ipo sheria. Sura ya 360, inayozuia ukatili kwa wanyama, humtia hatiani hata mwenye mnyama anayesababisha mateso yasiyo ya lazima kwa kutotenda, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Faini hiyo imebaki ndogo hadi inachekesha. Inawezekana ikawa nafuu kumtesa mbwa na kulipa mahakamani kuliko kumwita daktari, na mbunge anayetafuta muswada mfupi wa maana angeanzia hapo.

Kuna hali moja ambapo mjadala huu wote husimama, nayo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912 na haujatutoka. Duniani hukadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wote huupata kwa mbwa. Mkakati wa Kenya wa mwaka 2014 ulilenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, hapewi tiba shufaa na hakumbatiwi kwa kuagwa. Hata hivyo haraka nayo ina gharama. Mbwa mzima aliyemuuma mtu hufungiwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akiendelea kuwa mzima, hakuwa akiambukiza siku aliyouma. Mkimpiga rungu la kichwa na kumzika jioni hiyohiyo, mmezika ushahidi, kwa kuwa kipimo hufanywa kwenye ubongo, na Eldoret ina maabara ya mifugo ya kanda inayoweza kuanzia. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na akimbilie chanjo bila kungoja matokeo ya mbwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanadamu. Katika mji wenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, ambako familia kutoka Turkana hadi Busia huuza ng'ombe ili mgonjwa atibiwe, ambako makundi ya WhatsApp yamejaa michango ya hospitali hata baada ya bima ya afya ya SHA kuchukua nafasi ya ile ya NHIF mwezi Oktoba 2024, si aibu kuzungumzia sindano ya mbwa? Pingamizi hili lina heshima yake na silichukulii kama ushamba. Lakini linafikiri kwamba fedha ina mfereji mmoja, kwamba shilingi isiyoenda kwa mbwa huenda wodini. Sivyo nyumba zinavyoendeshwa. Shilingi hiyo huenda kwenye rangi ya geti. Mjini London, mwaka 1917, wakati wa vita na njaa, Maria Dickin alifungua Whitechapel zahanati ya bure ya wanyama wa maskini. Wenye punda na mbwa walijaa mlangoni, kwa sababu maskini ndiye anayeujua zaidi uzito wa mnyama aliyemtumikia. Tena kiinua mgongo ndicho kinacholijibu pingamizi hili vizuri kuliko lugha ya familia. Anayesema mbwa ni mwanawe hana pa kusimama. Anayesema ni mtumishi wake anajua kikomo. Tuseme nyumba inaweka shilingi 200 kila mwezi kwa jina la mbwa. Kwa miaka 10 ni shilingi 24,000. Nyumba isiyoweza 200 ifuge mbwa mmoja badala ya wanne, na imhasi huyo mmoja.

Wengine hupinga kwa imani: uhai ni wa Mungu, aachwe afe kwa siku yake. Ninaliheshimu neno hilo likitoka kwa mtu ambaye hajawahi kuchinja kuku. Dini kuu za Eldoret zimempa binadamu ruhusa ya kumaliza uhai wa mnyama, na zimemwekea masharti juu ya namna. Uislamu, unaomhesabu mbwa kuwa na najisi katika mafundisho ya wengi, huamuru kisu kinolewe ili mnyama asiteswe, na unasimulia mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mkristo anayesoma kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake hajaambiwa ajali hadi siku ya mwisho tu kisha ageuze uso. "Siku yake" ya mbwa aliyefungwa, aliyechanjwa na aliyelishwa na mtu imeshasogezwa mara nyingi na mkono wa mtu.

Kutoka upande wa pili, wapenda mbwa huogopa kwamba kikomo kikikubaliwa, kifo rahisi kitakuwa tabia. Hofu hiyo ina ushahidi. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza walipeleka mamia ya maelfu ya paka na mbwa wazima wauawe ndani ya siku chache, kwa woga wa mabomu na mgao wa chakula, na madaktari walizidiwa. Ndiyo maana nimeweka uchunguzi mbele ya sindano. Hatari yetu ya hapa, hata hivyo, ina sura nyingine: anayeamua siye anayeona. Nyumba nyingi nzuri za mji huu wenyewe wako Nairobi, Texas au kambi za riadha ng'ambo. Anayemgeuza mbwa ubavu na kufuta usaha ni mfanyakazi wa nyumbani, naye hana sauti wala fedha. Hupiga simu, huambiwa "mnunulie dawa", M-Pesa inalia, na mateso yanaongezwa wiki moja kwa shilingi mia tano. Daktari mwenye busara atamsikiliza kwanza anayelisha, kisha ndipo ampigie anayelipa.

Mazishi hayataki maneno mengi kwa mwenye shamba. Shimo la kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima, mbali na kingo za mto Sosiani, lichimbwe kabla daktari hajafika. Mzoga wenye pentobabitali hubaki na sumu kwa muda mrefu, na mbwa mwingine au ndege atakayeufukua atalala usingizi huohuo. Mpangaji wa Huruma au Langas, mwenye chumba na kipande cha saruji, ndiye aliye mashakani. Gunia linaloachwa gizani kando ya njia ya jaa la Kipkenyo si mazishi, na ni kinyume cha kanuni za taka. Akubaliane na daktari mapema kwamba mwili utaondoka na gari lake, kwa bei inayotajwa kabla ya sindano. Na kama kilichoua ni pavo, yule aliyesema atafutwe mwingine asubiri kidogo. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo na kwenye sakafu ya kibanda kwa miezi, pengine mwaka. Mtoto wa mbwa atakayeletwa Jumamosi ijayo bila chanjo, akafungwa mnyororo uleule ambao haujaoshwa kwa jiki, atafuata ndani ya wiki mbili.